Saa Iliyorudi 1:00 Kila Asubuhi

Japani na Afrika Mashariki zinatofautiana kwa saa 6 kamili. Dar es Salaam ikiwa saa moja asubuhi, Tokyo ni mchana, na saa ya gari iliyopangwa huko inaonyesha 1:00. Hapa ikifika saa nne, inaonyesha 4:00. Japani haisogezi saa zake kufuata majira ya mwaka, na Tanzania, Kenya na Uganda hazifanyi hivyo pia, kwa hiyo tofauti ni ileile Januari na Julai. Gari likishushwa melini bila betri yake kukatwa njiani, linafika na saa inayosomeka kwa hesabu ya Kiswahili moja kwa moja. Aliyezoea kuhesabu tangu jua linapochomoza hana haja ya kujumlisha wala kutoa sita. Magari ya Uingereza hayana bahati hiyo, kwani London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi.

Bahati hiyo haidumu. Betri hufa, fundi wa redio hukata waya, jua hupiga dashibodi miaka nenda miaka rudi, na siku moja saa inabaki kidirisha cheusi. Wengi huachana nayo hapo hapo. Simu iko mfukoni, nani atamlipa fundi kwa ajili ya saa?

Mwandishi wa kumbukumbu hizi analo jibu, na alilipata katika gari dogo la Kijapani la miaka ya 1990 alilolinunua likiwa limeshapita mikono kadhaa. Gari likiegeshwa, injini hupumzika, taa kubwa hupumzika, feni hupumzika. Saa hailali. Usiku kucha inakunywa umeme kidogo kidogo ili isipoteze hesabu, na kwa sababu hiyo maradhi ya umeme wa gari huonekana kwake kabla hayajaonekana kwingine. Anayeipuuza saa anapuuza taarifa aliyoletewa bure.

Gari lake lilikuwa na tabia moja. Kila likizimwa na kuwashwa tena, saa ilianza upya kutoka 1:00. Kwa kuwa alikuwa akitoka nyumbani saa moja asubuhi, kosa lilijificha vizuri. Mama yake mzazi, aliyepanda siku moja kwenda kliniki, alitazama namba zile za kijani na kusema afadhali gari hili linajua saa. Kweli kwa dakika ile lilikuwa sahihi. Walipotoka kliniki na gari kuwashwa upya, jua likiwa utosini, saa ilisema 1:00 tena, na mama akauliza kama wamerudi walikotoka.

Mafundi wa mtaani walikuwa na majibu ya haraka. Mmoja alisema saa hizo zikifa zimekufa, anunue ya kubandika. Mwingine alikuwa na saa kutoka gari lililovunjwa, yuko tayari kuifunga siku hiyohiyo. Hakuna aliyeuliza swali. Jambo hilo lilimkera zaidi ya saa yenyewe, na ndilo lililompeleka Gerezani, pembeni mwa Kariakoo, kwa mzee aliyekuwa akitengeneza umeme wa magari chini ya turubai. Meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari linasumbua nini?"

"Saa."

Mzee hakucheka wala hakushangaa. Alifuta mikono, akauliza swali ambalo mwandishi analibeba mpaka leo katika kila kifaa kinachomgomea: "Inazima, au inasahau?"

Ni maradhi mawili tofauti. Saa inayozima haionyeshi namba, lakini ikiwaka tena huenda bado inajua wakati. Saa inayosahau inaonyesha namba vizuri kabisa, ila namba zenyewe si za kweli. Saa nyingi za dashibodi za kizazi kile zina njia nne za waya. Ya kwanza inatoka kwenye betri bila kupitia ufunguo, nayo hutunza kumbukumbu. Ya pili hupata umeme ufunguo ukizungushwa, nayo huwasha kioo. Ya tatu huja pamoja na taa ndogo za gari na kupunguza mwanga wa namba usiku zisimuumize dereva macho. Ya nne ni ya bodi, yaani hasi. Ikisahau, tazama ya kwanza. Ikizima, tazama ya pili au kioo chenyewe. Ikififia mchana hadi isomeke kwa shida, kabla ya kuita fundi tazama kama hukuacha taa ndogo zikiwaka. Na ikisahau pale tu unapopiga stata, mara nyingi betri imechoka au kichwa chake kimelegea, maana stata huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na saa hukosa hata tone la kujishikilia.

Hii ya mwandishi ilisahau. Mzee aliuliza mengine mawili: taa ya darini inawaka mlango ukifunguliwa? Hapana. Redio inakumbuka stesheni? Hapana. Vitu vitatu vilivyokaa mbalimbali ndani ya gari vilikuwa vimekufa kwa pamoja, kwa hiyo kulikuwa na njia moja inayovilisha vyote. Aliinama chini ya usukani, akafungua kisanduku cha fyuzi, akaweka kidole kwenye tundu lililoandikwa DOME. Tundu lilikuwa tupu.

Mtu mwenye haraka angechomeka fyuzi mpya na kudai pesa yake. Saa ingefanya kazi, mteja angeondoka anashukuru. Mzee alifunga kisanduku kwanza. Alieleza kwamba fyuzi iliyoungua hubaki mahali pake na waya wake umekatika katikati, ilhali hii haikuwapo kabisa. Kuna mkono uliitoa, na mkono ule ulikuwa na sababu. Kazi yake sasa ilikuwa kuijua sababu ile kabla ya kuifuta.

Pale mwandishi alijifunza zaidi kuliko alivyotarajia kujifunza kwa fundi wa saa. Katika gari kuukuu, kila kitu kisicho cha kawaida ni uamuzi wa mtu fulani. Waya uliounganishwa kwa gundi ya plastiki, swichi ya ziada chini ya dashibodi, fyuzi iliyotolewa: kila kimoja kiliwahi kuwa dawa ya tatizo. Ukiondoa dawa bila kujua ugonjwa, ugonjwa unarudi, na safari hii unaonekana kama umeuleta wewe.

Mzee alizima kila kitu, akafunga milango, akachomoa waya wa hasi wa betri na kuweka mita katikati ili umeme wote upite ndani yake. Kisha akaziba tundu la fyuzi kwa waya wa majaribio. Gari lililolala salama huvuta umeme mdogo sana, pengine sehemu tatu au nne za mia za ampea. Hili lilivuta zaidi ya 0.4. Mzee alisoma, akakaa kimya kidogo, akasema, "Hii ni balbu ya wati tano." Hesabu ni nyepesi: wati 5 gawanya kwa volti 12. Kilichobaki ni kuitafuta balbu inayowaka mahali ambapo hakuna macho.

Alikwenda nyuma, akafungua buti na kushika balbu papo hapo. Ilikuwa ya moto. Ndani ya buti lililofungwa, taa ilikuwa ikiwaka usiku na mchana, kwa kuwa swichi ndogo inayobonyezwa na mfuniko ilikuwa imelika na haikufika chini tena. Vijana wa siku hizi huweka simu ndani ya buti ikirekodi video, wakafunga, kisha wakaitazama. Jibu ni lilelile. Balbu ya wati 5 humaliza saa-ampea 10 hivi kwa siku nzima, na betri ndogo ya gari kama lile ina 35 hivi ikiwa mpya. Gari likiegeshwa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi halipigi. Mwenye gari wa zamani bila shaka alikuwa amechoka kusukumwa, fundi wake akatafuta fyuzi inayohusika, akaichomoa, betri ikapona. Saa, taa ya darini na kumbukumbu ya redio vilikuwa gharama yake, na hakuna aliyeandika popote.

Dawa ya swichi ilikuwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kilichobandikwa kwenye mfuniko, mahali unapogusa swichi. Mita ilishuka. Hapo ndipo fyuzi mpya ilipochomekwa, ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye mfuniko wa kisanduku wala si kubwa zaidi. Saa ikaanza kukumbuka.

Ilikumbuka, kisha baada ya muda ikaonyesha ugonjwa wa pili uliokuwa umefunikwa na wa kwanza. Gari likiegeshwa juani tangu asubuhi, kioo cha saa kilikuwa cheusi mchana. Ukigonga dashibodi kwa kiganja kilirudi. Jioni, baridi ikiingia, kilirudi chenyewe, na wakati ulikuwa sahihi. Sasa saa haikusahau, ilizima. Kwa swali lile la kwanza la mzee, mwandishi alirudi Gerezani akiwa na nusu ya jibu mkononi.

Kuitoa saa kunahitaji subira kuliko nguvu. Mzee alikata betri na kusubiri zaidi ya sekunde 90 kabla ya kugusa dashibodi, kwa kuwa mfuko wa hewa wa usukani hutunza umeme wa akiba kwa muda baada ya betri kukatwa. Plastiki ya miaka mingi huwa kavu na klipu zake huvunjika ovyo, kwa hiyo aliliacha gari juani ilainike, na hakutumia bisibisi ya chuma kuinyanyua. Alikuwa na vijiti vya mwanzi alivyovichonga mwenyewe, vyembamba na bapa, visivyoacha kovu.

Namba za kijani zinazoelekea bluu katika magari ya kipindi kile hazitokani na balbu wala kioo cha saa ya mkononi. Ni chupa bapa ya kioo isiyo na hewa, teknolojia iliyoendelezwa Japani miaka ya 1960. Ndani yake kuna nyaya nyembamba kama unywele zinazopashwa moto hadi zitoe elektroni, na elektroni zikigonga unga maalumu, unga unang'aa. Inapendeza macho na inasomeka mchana, lakini inakula umeme kuliko saa yenyewe, ndiyo maana kioo huzimwa ufunguo ukitolewa. Umeme wa kuilisha hupitia vipinga ambavyo hupata joto. Vipinga vimeshikwa kwenye ubao kwa lehemu, yaani mchanganyiko wa bati na risasi, na aina iliyotumika sana katika kazi za umeme huyeyuka kwenye nyuzi 183.

Dashibodi haifikii joto hilo kamwe. Lakini haina haja ya kuyeyusha. Ubao, shaba na lehemu hutanuka kwa viwango tofauti, na kila mchana wa jua unafuatwa na usiku wa ubaridi. Baada ya maelfu ya siku hizo, mguu wa kipinga huzungukwa na ufa wa duara, mwembamba mno. Asubuhi pande mbili za ufa zinagusana. Mchana zinaachana. Ukigonga, zinagusana tena. Mzee alimpa mwandishi lenzi ya fundi saa na kumwonyesha: pete ya kijivu iliyofifia kuzunguka miguu miwili, katika ubao ambao viungo vingine vyote vilimetameta.

Aliipasha pasi ya kulehemu, akanyonya lehemu ya zamani yote, akasafisha, akaweka mpya. Alisisitiza kuitoa ya zamani kwanza, maana kuongezea juu ya lehemu iliyochoka ni kuufunika ufa bila kuuponya. Kisha aligusa viungo vya vipinga vya jirani pia, kwa hoja kwamba vimeishi jua lilelile. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kufungua dashibodi.

Wakati lehemu ikipoa alizungumza kuhusu saa za magari ya Kijerumani ya miaka ya 1960 na 1970, kwa mapenzi ya mtu aliyezifungua nyingi. Saa nyingi za wakati ule zilikuwa na utepe wa chuma kama za ukutani, tofauti ikiwa kwamba zilijitia ufunguo zenyewe kwa sumaku ya umeme. Utepe ukilegea, baada ya dakika chache vidole viwili vya chuma hugusana, sumaku inaruka, tak, utepe unakazwa, vidole vinaachana. Betri ikiwa dhaifu, sumaku inakosa nguvu ya kuruka, vidole vinabaki vimegusana na koili inaanza kuungua. Watengenezaji walilijua hilo, wakaweka ndani kiungo kilichoshikwa kwa lehemu laini inayoyeyuka mapema na kukata umeme kabla moto haujawaka. Kwa hiyo aliyeletewa saa ya namna ile ikiwa imesimama hakuanza na saa. Alianza na betri na chaja yake, kwani saa ilikuwa imejitoa mhanga kwa kosa la wenzake.

Sauti ya saa za umeme iliwahi hata kuuza magari. Mwaka 1958 David Ogilvy aliandika tangazo la Rolls-Royce lililodai kwamba kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa kelele kubwa kuliko zote ndani ya gari inatoka kwenye saa yake ya umeme.

Kwetu saa ya gari iliheshimiwa zaidi katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Bert Shankland, dereva wa Tanzania aliyeshinda akiwa na Chris Rothwell kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967, alikuwa akishindana na dakika kama alivyoshindana na tope. Kuchelewa kwenye kituo cha ukaguzi kulihesabiwa kwa dakika, na dakika hizo ndizo zilizotoa mshindi. Msoma ramani alitazama saa kuliko alivyotazama twiga.

Saa za kielektroniki hazina utepe. Zina kipande kidogo cha kwatzi kinachotetemeka, katika saa za kawaida mara 32,768 kwa sekunde, na katika saa nyingi za magari mara 4,194,304. Namba zote mbili zikigawanywa kwa mbili tena na tena, mara 15 au mara 22, hubaki 1: sekunde moja kamili. Joto hulivuruga hilo kidogo. Kwatzi ya aina ya kwanza imechongwa iwe sahihi karibu na nyuzi 25. Ikikaa kwenye nyuzi 60 mfululizo hupoteza sekunde tatu hadi nne kwa siku. Saa ya gari la Dar linaloegeshwa juani ina haki ya kuchelewa kidogo kila mwezi, na hilo si la fundi. Kwa kazi hiyo kuna kitufe chenye alama ya :00. Ukikibonyeza kabla ya dakika ya 30 saa hurudi kwenye saa kamili iliyopita. Ukikibonyeza kuanzia dakika ya 30 huruka kwenye inayofuata. Unakibonyeza redio inapopiga saa kamili, basi.

Magari mapya yana mengine. Januari 2022 wenye magari ya Honda na Acura ya miaka ya 2004 hadi 2012 yenye ramani za setilaiti walikuta kalenda imerudi 2002. Hapakuwa na fyuzi iliyotolewa wala lehemu iliyopasuka. Mfumo wa setilaiti wa GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza tena sifuri, na kifaa kisichoandaliwa kwa mzunguko huo hujikuta miaka 19 na miezi 7 nyuma. Kampuni iliwaambia wateja kwamba hali itajisahihisha Agosti mwaka uleule. Hata hapo swali la Gerezani lingefaa: inazima, au inasahau? Ilisahau, na dalili ya namna ya kusahau ilionyesha njia ya kwenda kwenye chanzo.

Mwandishi amesikia wakisema kwamba kuhangaika na saa ya gari kuukuu ni anasa. Hakubaliani, na anazidi kutokubaliana kadiri miaka inavyopita. Kwa sababu ya saa, betri yake iliacha kunyonywa na taa ya buti, taa ya darini iliwaka usiku mama yake aliposhuka, na waya ambao siku moja ungeunganishwa vibaya na fundi mwingine ulibaki salama.

Kabla ya kurudisha mfuniko wa kisanduku cha fyuzi, mzee alikata kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu ya wino: DOME imerudishwa, swichi ya buti imewekwa mpira, saa imelehemiwa. Akaweka tarehe, akakibandika ndani ya mfuniko kwa gundi ya plastiki. Mwandishi aliuliza nani atakisoma. "Fundi wako ajaye," alisema mzee, akataja bei yake.

Tangu siku ile kuna daftari la shule kwenye droo ya dashibodi, na hakuna fundi anayelipwa na mwandishi kabla hajaandika humo alichotoa, alichoweka na kwa nini. Wengine hunung'unika. Gari lilipouzwa, mnunuzi alilisoma daftari akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, kabla hata hajafungua boneti.